Povu Katika Kichupa cha Mwisho

Maabarani walimwita Mama Taratibu, na jina hilo hakulichukia. Kazi yake ilikuwa kuandaa miyeyusho ya kulinganishia: unga wa protini ya damu, ambao kiasi cha sukari iliyoing'ang'ania protini hiyo kinajulikana, huyeyushwa kwa maji safi, kisha mashine huonjeshwa kabla ya kupewa damu ya mgonjwa. Mashine isiyoonjeshwa husema lolote liijialo. Kichupa cha myeyusho huo hubingirishwa kwa upole. Hakitikiswi, kwani povu huiharibu protini. Waliotikisa aliwatazama mpaka wakatamani kuhama mji.

Asubuhi hiyo kilibaki kichupa kimoja, na nje, kwenye benchi, alikaa mama mkwe wake. Bibi huyo aliapa mbele ya wanawe kuwa ataacha sukari miezi mitatu, na sasa ilikuwa imetimia. Mwanawe mkubwa, mume wa Mama Taratibu, alicheka hadi akakohoa. Leo kipimo kingeamua nani mwongo.

"Mkwe wangu," bibi aliita dirishani, akimwona akikibingirisha kichupa, "huyo mtoto unambembeleza alale, au unanipimia damu?"

"Subiri kidogo, mama."

"Nimezoea. Hata siku ya harusi tulikusubiri. Ulivaa kiatu kimoja, wageni wakaanza kuaga."

Mama Taratibu akaangua kicheko. Mabega yakaruka, mkono nao ukafuata. Alipotazama, kichupa kilijaa povu kama beseni la kufulia.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kungoja povu litulie, akaendelea na kazi. Lakini namba atakayompa mama mkwe ingekuwa ya damu, au ya povu? Akavua glavu, akatoka.

"Mama, nimetikisa. Leo hatupimi. Unga mwingine utafika Jumatatu."

"Wewe? Umetikisa?"

"Ulinichekesha."

"Kumbe kosa langu. Na mwanangu je? Atasema nimekimbia sindano."

"Nitamweleza mimi."

"Kwamba wewe ulitikisa? Hataamini. Ataona heri aniite mwongo mimi." Bibi akapunguza sauti. "Kipimo chako husoma miezi mitatu, siyo? Kijiko kimoja cha leo kitaonekana?"

"Kwa shida sana."

"Basi jioni niwekee."

"Mama."

"Nusu."

"Mama, Jumatatu si mbali."

Bibi aliguna, akaenda zake. Jioni alikunywa chai isiyo na sukari, akimkazia mwanawe macho hadi tone la mwisho.

Jumatatu kipimo kilionyesha namba imeshuka vizuri. Mwanawe aliisoma, akairudia, kisha akaenda jikoni kumchemshia mama yake chai, bila kuambiwa na bila kukohoa.