Meza ya Odette

Sambaza mbichi, dagaa wa ziwani kwetu, hainuki. Wanaosema inanuka hawajawahi kuianika. Ikitoka mtumbwini asubuhi, imevuliwa upande wa kisiwa cha Nkombo, ina harufu ya maji tu. Ngoja jua la kiangazi liipige siku ya pili: hapo harufu inakuwa nzito, ya mafuta, inaingia kwenye nywele, kwenye madaftari, hata kwenye uji unaokunywa. Kiangazi kile nilinuka hivyo kutwa, maana nililinda sambaza ya Maman nyuma ya nyumba yetu Kamembe, fimbo mkononi na daftari mapajani, huku ndani, kwenye meza pekee tuliyokuwa nayo, Odette anasoma.

Odette alikuwa mtoto wa dada mkubwa wa Maman. Alivushwa mpaka kutoka Bukavu aje kusoma nami kolezi, shule ya sekondari, na kwa desturi yetu hakuwa mgeni wala binamu, alikuwa dada yangu, basi. Ee, yule msichana alijua kukaa! Umweke kitini asubuhi, adhuhuri utamkuta palepale, mgongo umenyooka, anafunua ukurasa taratibu. Mimi nikifungua kitabu cha jiografia, kabla mstari haujaisha nimesikia lori likipanda kutoka mpakani, nimejiuliza limebeba nini, nimekumbuka sufuria ya jirani ambayo hatujairudisha, nimesimama, na nikifika mlangoni sijui tena nilikuwa ninakwenda wapi. Nilisahau sweta, nilisahau kalamu, nilisahau maharage jikoni mpaka yakawa makaa. Walimu walisema mimi ni mvivu. Kanisani walisema niombewe, nikaombewa kweli, mikono ya watu wazima imejaa kichwani pangu, nami chini yake ninamtazama mjusi ukutani. Maman yeye alisema tu, "Kichwa yako iko wapi, Nsimire? Angalia mwenzako!" Nami nilimwangalia mwenzangu. Katika kazi zote nilizopewa utotoni, hiyo ndiyo niliyoifanya bila kusahau hata siku moja.

Mwaka ule ulikuwa wa mtihani wa taifa, na Papa, baba yangu, alikuwa ametoa neno lake: atakayefaulu ataendelea na shule, atakayeanguka atabeba beseni na kuvuka mpaka kuuza, kama wanawake wengine. Papa hakuwa mtu wa kurudia neno. Basi likizo ilipofika nyumba nzima ikajipanga kumlinda Odette. Pazia likashushwa, redio ikazimwa, chai ya maziwa ikapelekwa kwa ncha za vidole kana kwamba mle ndani kuna mzazi aliyejifungua. Mimi nilikaa naye asubuhi moja tu. Goti langu lilitingisha meza, mwandiko wake ukapotoka, hakulalamika hata, alinitazama tu kwa upole, na ule upole ndio uliokuwa pilipili machoni. Maman akanitoa nje kulinda sambaza. "Ule anasoma," akasema. "Weye kimbiza kunguru, hiyo utaweza."

Nilikaa juani na kijicho changu. Nilimwonea wivu kwa kile kiti, kwa ile chai, kwa kile kivuli, lakini zaidi kwa utulivu wake, maana vile vingine ningeweza kuomba. Utulivu ungeuomba kwa nani? Ila kunguru hawakunipa nafasi ya kununa sana. Ukisoma mstari mmoja, kunguru mmoja ameshatua kwenye turubai la samaki. Unaruka, unapiga kelele, unarudi. Mstari wa pili, sambaza inataka kugeuzwa. Unageuza, unarudi. Nikaanza kuwafokea kunguru kwa maneno yaleyale niliyotoka kuyasoma, ili nisiyapoteze njiani: mito ya Afrika, sehemu za ua, wafalme wa zamani. Jirani yetu, mzee fundi viatu, alicheka akiwa juu ya ngozi zake. "Maman Nsimire, mutoto wako anafundisha kunguru! Batapata diplome!" Acha acheke. Usiku nikijilaza, mito yote ilikuwepo kichwani, imelala kwa mpangilio wake. Wahenga walisema baniani mbaya kiatu chake dawa, nami dawa yangu nilikuwa nimeikuta kwenye kitu nilichokichukia. Siku moja nilimsikia Odette akikwama kwenye swali la maua, nikamjibu kupitia dirishani nikiwa na fimbo yangu. Nilifurahi mpaka nikasahau kunguru.

Maman alisikia jibu lile. Akatoka, akanitazama nilivyoungua uso, na nadhani aibu ilimshika. Watu wa mtaani walikuwa wameanza kusema: mtoto wa dada yuko kivulini, wa tumboni mwake anakaushwa pamoja na samaki. Jioni ile alininyang'anya fimbo. "Mutoto wangu, toka kwenye jua. Kumbe uko na akili. Utakaa na dada yako, mtasoma vizuri bote babili." Nikapewa kiti. Nikapewa chai ya maziwa. Kila nilichokililia kikawekwa mbele yangu, na pazia likashushwa.

Ndipo kichwa kikafunga duka. Mle ndani palikuwa kimya hata unasikia nzi akinawa mikono, na mimi nilimsikia huyo nzi siku nzima. Nilisoma ukurasa mmoja kuanzia chai mpaka chakula cha mchana. Mito ilikauka, wafalme wakaondoka. Kando yangu Odette alifunua kurasa, fyaa, fyaa, na kila ukurasa alioufunua ulikuwa kama kibao shavuni mwangu. Nilimwambia Maman nirudi kwa sambaza. Alikasirika sana. "Unataka bantu baseme ninakutesa? Nimekupa kiti, unataka jua?" Ningemweleza vipi? Hata mimi mwenyewe sikuelewa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini nyumbani kwetu sote tulisukwa mtindo mmoja, wa Odette.

Chumba cha mtihani kilikuwa sebule yetu iliyokuzwa. Nilivumilia mpaka miguu ikaanza kuniwasha kwa ndani, nikasimama, nitembee kidogo tu nyuma ya darasa, labda kitu kingerudi. "Kaa chini!" msimamizi akasema, na vichwa vyote vikageuka isipokuwa cha Odette. Nikakaa. Matokeo yalipobandikwa jina lake lilikuwepo. Langu nililitafuta juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu. Neno lake Papa alikuwa ameshalisema.

Nimevuka mpaka ule na beseni miaka mingi, na sijafa njaa. Wateja wananipenda kwa sababu situlii. Odette ni muuguzi Kigali. Akija Noeli anakaa kitini kwangu kutoka chai mpaka chakula, na bado anaweza. Lakini wivu unaoniamsha siku hizi si wa kwake. Binti yangu Diane yuko chuo kikuu, na juzi alinipigia simu akicheka. Daktari amempima, kitu chake kina jina, ADHD, kichwa kisichotulia mahali pamoja, na mara nyingi mtoto hukirithi kwa mzazi. Chuo kimempa chumba cha pembeni kwa mitihani, na muda wa ziada.

"Na ukitaka kusimama?" nikamwuliza.

"Ninasimama tu, Maman. Wananiruhusu hata kutembea."

Hata kutembea. Nilisema Mungu asifiwe, na nilimaanisha, maana ni damu yangu. Akauliza mbona sauti imebadilika. Nikamwambia mtandao ni mbaya. Nilikuwa nimesimama katikati ya soko, beseni kichwani, mtu mzima mwenye mvi, ninamwonea wivu mtoto niliyemzaa.