Ndege wa Musyimi

Marehemu Musyimi hakuwa na mke wa pili Sultan Hamud. Hilo liwekwe wazi kwanza, kwa maana limesemwa sokoni Mukuyuni na hata mlangoni mwa kanisa, tena na watu waliokula na kushiba kwenye matanga yake. Wanapenda kusema lisemwalo lipo. Kilichokuwapo ni ndege.

Musyimi alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Sultan Hamud, na kila Jumamosi alikawia huko mpaka giza liingie. Nyuma ya duka, katika ua wa mwenye nyumba, mjane wa Kikuyu aitwaye Wacuka, Musyimi alikuwa amejenga kizimba na kufuga humo chiriku wa manjano na kasuku wadogo wa kijani. Nyumbani hakuthubutu kuwaleta. Ukambani ndege mdogo ni mwizi wa mawele. Musyimi mwenyewe alikulia juu ya jukwaa katikati ya shamba la mamake, kombeo mkononi, akiwafukuza tangu alfajiri. Mzee wa kanisa, mwenye mvi, kuwalisha wezi hao mawele kwa kiganja chake? Angechekwa mpaka mjini Wote. Akaona heri anyamaze. Hata mkewe, Mwalimu Ndinda, hakumwambia.

Ndinda alijua baada ya mazishi, Wacuka alipofika na ndege wale ndani ya vitundu nyuma ya pikapu. Alitoa pole, akasema duka limepata mpangaji mwingine na ua unatakiwa, na kwamba ndege ni wa Musyimi, basi warudi kwao. Chai hakungoja. Kabla vumbi la gari halijatulia, majirani walikuwa wameshazipa Jumamosi zote za marehemu maana yake.

Ndinda hakuwa mtu wa kupita nyumba hadi nyumba akijitetea. Alikuwa mwalimu mkuu maisha yake yote ya kazi, na alijua kwamba jambo linaloweza kuandikwa ubaoni halipigiwi kelele. Akamwita Ndolo, fundi wa mageti, akamwonyesha mahali: mbele ya nyumba, kando ya lango, waya mtupu pande zote nne, ili kila aendaye sokoni au kanisani aone kwa macho yake kile Musyimi alichokuwa akikiendea.

Ndolo alipatazama mahali pale, akakuna kichwa. "Mwalimu, hii ni ya ndege ama ni kioski?"

"Ni ya ndege. Jenga."

Ikawa kama alivyotaka. Watu walisimama, wakatazama, wakacheka. Nzuki, muuza nyama wa buchari, alisema katika Makueni nzima ni Musyimi peke yake aliyewapangishia wezi nyumba na kuwapelekea chakula. Ndinda aliambiwa maneno hayo na hakuudhika. Mume wa kuchekwa si mume wa kunong'onwa. Kwa majuma kadhaa jina la nyumba ile lilitembea wima.

Kisha baridi ya Julai ikaingia, manyunyu asubuhi na upepo kutoka vilima vya Kilungu. Ndege wakajivimbisha manyoya, wakashuka chini kizimbani, wakaacha kula. Kila siku Ndinda aliamka mapema kuokota aliyekufa, akamfukia nyuma ya jikoni kabla barabara haijapata watu. Wakiisha wote, ushahidi wa Musyimi umeisha, na watu watasema mjane kawaua kwa wivu.

Aliyejua jinsi Musyimi alivyowatunza alikuwa mtu mmoja tu, Wacuka. Kathini, dadake Musyimi, ambaye boma lake lilipakana na lao, alilijua hilo pia, akaja kumwonya mapema.

"Wifi, siku huyo mwanamke atapita langoni hapa kwa wito wako, utakuwa umemtangaza mke mwenzako."

Kesho yake Ndinda akampigia Wacuka simu.

Wacuka alifika siku ya soko, barabara imejaa. Alisimama mbele ya kizimba muda mrefu, mikono nyuma.

"Uliwajengea watu, Mwalimu," akasema. "Ndege hataki kutazamwa. Anataka ukuta."

Ndinda, aliyezoea kusahihisha wengine, akaagiza Ndolo aitwe. Siku hiyohiyo nguzo ziling'olewa zikahamia uani, nyuma ya jikoni. Wacuka aliwaonyesha: mabati upande wa upepo, paa nusu na nusu wazi ili jua liingie, waya uzikwe ardhini ili nyoka na nguchiro wasipenye chini yake, matawi ya mti badala ya mbao ili miguu yao isipate vidonda. Yote hayo Musyimi aliyajua baada ya kupoteza ndege wengi. Wajane wawili waliushika waya huku na huku, fundi akapiga misumari. Kazi ilipokwisha walikaa kwenye baraza la jikoni, wakanywa chai mpaka jua likatua. Waliochungulia uzioni waliona vichwa viwili vimekaribiana; kusikia, hawakusikia.

Ndege walipona, na mmoja akaanza kujenga kiota. Lakini kwa kuwa barabarani hawaonekani tena, maneno yamerudi: kwamba Mwalimu amewaficha, kwamba amepatana na mwenzake. Kathini alivumilia siku chache, akavuka.

"Wifi, yule mama alikuambia nini muda wote ule?"

"Tulizungumza habari za ndege."

"Mpaka jioni?"

"Ndege wana mengi."

Kathini akateremsha sauti. "Na juu ya ndugu yangu, hukumwuliza?"

Ndinda alikuwa akipeta mawele. Aliendelea kupeta mpaka makapi yakaisha.

"Ndugu yako alifuga ndege, Kathini. Zaidi ya hapo sisemi, si kwako wala kwa mtu mwingine."