Kanyaga Nilipokanyaga

Pale Kisauni, Mombasa, wapo wanaomcheka Mzamil wa Koyama kwa jambo moja: hatembei mbele ya mtu. Akienda sokoni na mkewe Twahira, Twahira ndiye anayetangulia na kikapu, yeye yuko nyuma kama anayechungwa. Kwenye mazishi, watu wakipokezana jeneza, yeye hushika mikono ya nyuma tu. Ukimwambia, "Pita, mzee wangu," atasimama mlangoni mpaka upite wewe. Vijana wa mtaani wamempa jina, Mkia. Yeye huitika, wala hakasiriki. Ila wale waliotoka naye visiwani hawamwiti hivyo.

Mzamil alizaliwa Koyama, kisiwa cha Wabajuni pwani ya Somalia, na kazi aliyoikuta kwao ni ya kuvulia taza. Taza ni samaki mwenye kitu kama soli ya kiatu juu ya kichwa. Mnamfunga kamba mkiani, mnamchukua na mashua, na mkiona kasa mnamwachia. Anakwenda zake anaganda kwenye gamba la kasa, basi mnavuta kamba pole pole mpaka kasa anafika ubavuni mwa mashua. Mzamil ndiye aliyekuwa akimwachia taza. Aliyekuwa akishika kamba ni Bakri, mwana wa Mama Kulthumu, ambaye walitahiriwa naye siku moja na wakalia pamoja. Bakri alikuwa na mikono ya ajabu. Kamba ikitikisika tu, kabla hujasema neno, mikono yake ilikuwa ishavuta.

Enzi za serikali Mzamil alichukuliwa jeshini, Kismayu. Miaka sita. Alipika, alizoa kinyesi, alichimba mashimo. Wenzake walioingia naye siku moja wakawa makoplo, wakawa masajini, yeye akabaki na sufuria. Akiuliza, anaambiwa, "Wewe Mbajuni, nani atakupigia saluti?" Serikali ilipoanguka akaivua kofia akaitupa, akarudi Koyama na suruali tu, maana suruali ilikuwa nzima. Akaikata miguu akawa anaivaa akienda kuvua.

Suruali hiyo ndiyo iliyomponza.

Wanamgambo walikuja kisiwani asubuhi moja na mashua ya kunyang'anya. Walichukua nyavu, mafuta, mbuzi, kisha wakaanza kuuliza nani alikuwa askari. Watu wote kimya, yaani hata watoto. Suruali ya jeshi ilikuwa imeanikwa kwenye kamba, inapepea mbele ya macho yao. Kamanda wao, mtu mmoja mchechemeaji ambaye wenyewe walimwita Lugey, akaishika upindo akacheka. "Ya nani hii?" Mzamil akasema ni yake, kwa sababu alijua wataingia ndani kutafuta, na Twahira alikuwa ndani. Bakri alikuwa amesimama karibu yake. Wakamchukua naye pia, kwa kosa la kusimama karibu, wakawavusha bara.

Jeshi lile lilikuwa na watu kama thelathini na pikapu moja yenye mzinga mgongoni. Wote wa ukoo mmoja, isipokuwa hawa wawili. Walikula sinia moja, wakikaa duara. Mzamil na Bakri walipewa kopo la maziwa ya unga lenye kutu, wakala baada ya wengine, upande unakokwenda upepo ili harufu yao isiwafikie wenye nchi. Kulala, chini ya mti. Kivuli cha pikapu hawakuruhusiwa. Walipewa bunduki, ndiyo, ila hazina risasi.

"Risasi utapata siku ukiota pembe," Lugey alimwambia Bakri.

"Nikiota pembe mtanila na mimi, mlivyo na njaa," Bakri akajibu. Akapigwa kitako cha bunduki cha mgongo, lakini wale wengine walicheka, na Bakri akasema baadaye kwamba kicheko kile kilistahili kitako.

Kazi yenyewe ilikuja walipoanza kwenda kusini na njia ya mchanga ya pwani. Jeshi lililokimbia mbele yao lilikuwa limezika mabomu. Pikapu ya kwanza, waliyokuwa nayo kabla, ilikuwa imepasuka na watu wanne. Sasa Lugey akaleta kamba ya mashua, pima ishirini, akamfunga Mzamil kiunoni kwa mkono wake mwenyewe, akampa chuma cha nondo.

"Utatangulia. Unachokora mchanga. Ukikuta kitu unasema."

"Na kamba ya nini, kamanda?"

"Ukipasuka, tuivute bunduki."

Ncha ya pili ya kamba alipewa Bakri, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuwa karibu hivyo. Nyuma ya Bakri hatua hamsini ndipo walipofuata wengine, na nyuma yao gari. Kesho yake walibadilishana, Bakri mbele, Mzamil kamba. Hivyo hivyo kila siku.

Siku moja Mzamil aliuliza, kwa upole, mbona wasipokezane wote. Lugey hata hakukasirika. Alimweleza kama mtu anavyomweleza mtoto. "Huyu akifa, ukoo wake utakuja kwangu kudai damu. Yule pale, baba yake ana bunduki mia. Wewe ukifa nani atakuja? Kasa?"

Na ndiyo hofu yenyewe ilivyokuwa. Kufa kila mtu anaogopa. Lakini kufa huku unajua kwamba mtu amekaa akapiga hesabu akaona wewe ndiye rahisi, hofu hiyo inakaa mahali pengine. Mzamil alikuwa akiingiza nondo mchangani anasikia meno yake yenyewe yanagonga. Kijiwe kikigusa chuma, mkojo unatoka. Hakuona aibu tena. Jua linampiga utosini, jasho linaingia machoni, na hathubutu kupangusa, kwa sababu mkono ukiinuka mguu unapoteza mahali. Usiku alijisikia bado anachokora. Akiamka, jambo la kwanza ni kuhesabu: leo ni mimi au ni yeye?

Juma la pili akafanya jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu kwa miaka mingi. Ilikuwa zamu yake. Akajishika tumbo akajigaragaza, akasema anaendesha. Bakri akatangulia siku mbili mfululizo. Siku ya pili akakuta bomu kwa ncha ya nondo, akasimama hapo na mguu mmoja juu kama korongo, mpaka wakalifyatua kwa risasi kutoka mbali. Jioni akaja akakaa na lile kopo la kutu.

"Tumbo lako vipi?"

"Limetulia," Mzamil akasema.

"Ala. Basi lishukuru. Lina akili kuliko wewe." Akamsukumia chakula. Mzamil akala.

Hapo ndipo alipokata shauri la kutoroka. Kutoka njiani pale, upande wa kushoto, Koyama ilikuwa ikionekana, mstari mweusi juu ya maji. Aliangalia mbele akaona njia inapinda kuukaribia ufuo, na akajua jambo ambalo watu wa ngamia hawakulijua. Chini ya mstari wa maji makuu hakuna bomu. Maji ya bamvua yanafukua mchanga huo kila nusu mwezi, ukizika kitu kinaibuka. Kati ya njia na mstari ule palikuwa na hatua kama arubaini za mchanga mkavu ambao hakuna aliyeujua. Ng'ambo ya ufuo kuna mikoko, na ndani ya mikoko Msomali wa bara hakufuati.

Jioni hiyo yeye na Bakri wakaanza kuzungumza juu ya uvuvi. Lugey akauliza mnasemaje nyinyi, wakamwambia, twasema samaki. Akatema mate akaondoka.

"Taza ukimvuta nyuma anafanyaje?" Mzamil akauliza.

"Anaganda zaidi. Hata mchoto wa miaka mitatu ajua hilo."

"Na ukitaka aachie?"

Bakri alikuwa akiusugua mguu wake. "Wamsukuma mbele," akasema.

"Basi kesho taza akienda mbio, usivute. Njoo mbele. Kanyaga nilipokanyaga mimi. Usiongeze, usipunguze."

"Na wewe utakanyaga wapi?"

"Sijui."

"Haya," Bakri akasema. "Mradi tumbo lisikuume."

Kesho yake ilikuwa zamu ya Mzamil, na hakuumwa. Saa mbili asubuhi walikuwa njiani. Alichokora, akapiga hatua. Alichokora, akapiga hatua. Moyo ulikuwa unampiga masikioni hata bahari hakuisikia. Walipofika pale njia inapopinda alisimama. Nyuma Lugey akapiga kelele, "Hore u soco!", nenda mbele, na Mzamil akaona kwamba amepewa ruhusa. Akaitupa bunduki, akaitupa nondo, akaacha njia akakimbia kuelekea majini.

Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tano. Alikuwa akikimbia na macho wazi kabisa lakini haoni kitu isipokuwa mahali pa mguu unaofuata. Ya kumi, na ghafla kiuno kikakatika, akaanguka chali. Kamba ilikuwa imekaza. Bakri alikuwa amevuta.

Hakufanya makusudi. Ni mikono. Tangu ana miaka saba, kamba ikienda mbio mikono ile inavuta, na asubuhi ile ilivuta vile vile kabla kichwa hakijafika. Mzamil alilala pale mchangani, mikono imetanuka kila upande, anajua kwamba amegusa ardhi kwa mwili mzima, mgongo, viwiko, kichwa, na anangoja. Hakuna kilichotokea. Aliona anga. Akasikia risasi ya kwanza.

"Bakri! Mbele!"

Kamba ikalegea. Akainua kichwa akamwona Bakri anakuja, ameitupa bunduki, kamba kajizungushia mkononi, na anatazama chini, anaweka miguu mmoja mmoja ndani ya nyayo za Mzamil, kwa haraka lakini kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mwamba maji yakiwa yametoka. Mdomo wake ulikuwa unasema kitu. Huenda alikuwa akisoma dua, huenda alikuwa akihesabu.

Mzamil akaruka akaendelea. Hatua ya ishirini. Ya thelathini. Risasi zikipita zinalia kama nyuki. Mguu wa kulia ukaona mstari wa mwani mkavu, mstari wa maji makuu, ukauvuka, mchanga ukawa mgumu na wa maji, na Mzamil akacheka. Alicheka kweli, kwa sauti. Akageuka amwambie mwenzake.

Bakri alikuwa amebakisha hatua kama kumi. Aliweka mguu ndani ya unyayo wa Mzamil. Ndani yake kabisa, hakuzidisha wala hakupunguza. Ardhi ikainuka.

Mzamil alipofumbua macho alikuwa kwenye maji ya magoti, masikio yamekufa, na mbele yake ni vumbi tupu, kubwa, linashuka taratibu. Kule njiani hawakupiga tena. Waliona moshi, wakahesabu wawili. Nani atakuja kudai?

Kamba ilikuwa bado kiunoni. Akaishika, akaivuta kama alivyomwona Bakri akivuta maisha yake yote, mkono juu ya mkono, pole pole, usimshtue. Ikaja. Haikuwa na uzito wowote. Ikaja yote mpaka ncha, na ncha imeungua.

Akaingia mikokoni. Alikaa humo siku mbili na mbu na kaa, akinywa umande wa majani, mpaka wavuvi wa kijiji cha Darakasi walipopita karibu na ufuo wakamwona. Walitaka kumkatia kamba kiunoni, akakataa. Wakamfikisha Koyama adhuhuri ya siku ya tatu. Twahira alikuwa ameshapakia vyombo, kisiwa kizima kilikuwa kikihama kwenda Kenya jioni ile, na watu walikuwa ufuoni kila mtu na mzigo wake.

Mama Kulthumu hakuwa na mzigo. Alikuja moja kwa moja akasimama mbele ya Mzamil, akatazama nyuma yake ndani ya mashua, kisha akatazama kamba.

"Mlikuwa pamoja?"

"Pamoja, mama."

"Kamba hii alishika yeye?"

"Alishika yeye."

"Na wewe je? Mbona hukumvuta mwanangu?"

"Nimemvuta, mama."

Mwanamke akaishika ncha ile iliyoungua, akaipapasa kwa kidole gumba. Mzamil alitaka kumwambia juu ya tumbo, juu ya zile siku mbili Bakri alizotangulia peke yake. Alitaka kumwambia kwamba alikanyaga nilipokanyaga mimi, mama, mimi ndiye niliyemwambia.

"Haya," Mama Kulthumu akasema mwishowe. Alikuwa ameizungusha kamba mkononi, vizuri, duara juu ya duara, kama inavyowekwa kamba ya kazi. "Jua kali. Tangulia nyumbani ukanywe maji, nami nakuja nyuma yako."

Mzamil akatazama mchanga uliokuwa mbele yake mpaka mlangoni kwa Kulthumu. Ni mchanga aliouchezea tangu utotoni. Mguu haukuinuka.

"Tangulia wewe, mama," akasema.

"Nimekwambia nakuja nyuma."

"Mama, nakuomba. Tangulia wewe."