Chumba Kizima Kilikwenda Mazikoni

Dahalia ile ya wasichana, bweni la chuo cha ualimu upande wa Wawi, Pemba, ilikuwa na kanuni zake zimebandikwa mlangoni: nguo zisianikwe madirishani, jiko la umeme marufuku, simu zote kwa matroni wakati wa mitihani. Kanuni iliyoshikwa kuliko zote hakuna aliyeibandika. Mwenzenu akifiwa, chumba kizima kinakwenda mazikoni. Hata kama mmegombana jana kwa ajili ya ndoo ya maji, mnajitanda kanga zenu mnakwenda, kwani watu mnaolala pamoja na kula sinia moja mshakuwa ndugu, mtake msitake.

Mize aliipenda kanuni hiyo. Alikuwa mtoto pekee wa Bi Mwanapili, muuza mikate ya kumimina pale Mkoani, na babake alihamia Tanga zamani akaoa huko akasahau. Kulala chumba kimoja na wenzake kulimpa ndugu ambao hakuzaliwa nao. Wa kwanza alikuwa Laila, msichana wa Konde, mwoga wa kila kitu kuanzia mjusi mpaka radi, ambaye Mize aligawana naye hata sabuni. Wa pili Ummkulthum, mwenye maneno mengi na moyo mweupe. Bi Mwanapili kila akipata mtu wa kumtuma alileta mikate, na chumba kizima kilimwita mama.

Basi mwaka wa mwisho, mitihani ya ualimu imekaribia, Bi Mwanapili akaanguka. Presha. Mize alikwenda kumtazama, akamkuta kalala upande, mdomo umepinda na mzito lakini akili timamu. Mama akamshika mkono. "Mwanangu, usinikalie mbali," alimwambia. Mize akataka kubaki. Aliyemrudisha dahalia ni Mjomba Jecha, kakake mama, mtu wa sauti kubwa na busara ya kujipa mwenyewe.

"Utakaa hapa umfanye nini? Wewe daktari?" alisema. "Mamako kauza mikate miaka yote hii ili usome. Leo umebakisha hatua moja urudi kukoroga unga? Nenda kafanye mtihani. Kukiwa na neno tutakwambia."

"Kweli mtaniambia, Mjomba?"

"Ala! Mimi muongo?"

Nawe mtoto wa Kipemba, aliyelelewa kwa adabu, utamwambia mjomba wako nini? Mize akarudi. Kila jioni matroni, Bi Mwanakhamis, alipowatolea simu zao barazani, alipiga nyumbani, na kila jioni simu ya mama ilipokewa na mjomba. Hajambo. Kalala. Kala uji. Soma, mwanangu. Alipoomba kusema na mama mwenyewe, mjomba alimwambia mama asisumbuliwe, daktari kasema. Ukweli ni kwamba Bi Mwanapili alikuwa akimuulizia mwanawe asubuhi na jioni, na kila akiuliza aliambiwa yuko njiani.

Jumanne alfajiri Bi Mwanapili akafariki.

Mjomba Jecha hakumpigia Mize. Alimpigia matroni. Ijumaa ndiyo karatasi ya mwisho, alisema, na mtoto asiambiwe mpaka aweke kalamu chini, mama keshakufa na mtihani haurudi. Bi Mwanakhamis hakubisha. Si mwanamke mbaya, nisimsingizie. Kakulia humo humo sote tulimokulia, ambamo mtu akiwa safarini au mtihanini anafichwa msiba, na anayemficha huitwa mwenye hekima. Aliwaita wasichana kule nyuma kwenye kamba za kuanikia nguo, akawaambia, akawaapisha. Laila alilia mpaka akatapika.

"Basi tusiende," Laila alisema. "Twende vipi yeye tumwache?"

"Msende kwa mama wa mwenzenu?" Bi Mwanakhamis akamaka. "Watu watasema dahalia gani hii isiyojua kuzika? Mtakwenda, tena mtakwenda nyote."

Hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo, wallahi, ukilisimulia mahali pengine watu watadhani unatunga. Kumficha aliyefiwa ni desturi, na kwenda kumzikia mwenzenu ni desturi, na hawa watu walizishika zote mbili kwa wakati mmoja, wala hapana aliyeona zinapigana. Siku hiyo hawakuwa na karatasi, wakakodi gari. Walihitaji msiba wa kumtajia Mize, wakamzushia kifo bibi yake Ummkulthum, ambaye yuko hai mpaka leo.

Mize aliposikia, alimkumbatia Ummkulthum kwa nguvu. "Pole, ndugu yangu. Mungu ampe kauli thabiti. Ngoja nivae, tunakwenda sote."

"Wewe baki," Laila alisema, akitazama sakafu.

"Nibaki? Chumba kizima kinakwenda mimi nibaki, mimi nani?"

"Gari limejaa," Ummkulthum akasema. "Na wewe mgonjwa wako umemuwaza mpaka husomi. Baki usome. Mimi nimekusamehe."

Mize hakuridhika, lakini aliyefiwa akikupa udhuru utabisha vipi? Akampa Laila kanga yake nyeusi, maana ya Laila ilikuwa imeloa. Halafu akauliza maziko ni wapi. Ummkulthum, aliyekuwa na maneno yote ya dunia, siku hiyo yalimkimbia, akasema kweli: Mkoani.

"Mkoani!" Mize uso ukamng'ara. "Basi mpitieni mama, msiache. Mwambieni Ijumaa nikitoka tu mtihani, niko kwake."

"Tutampitia," Laila akasema.

Walipoondoka, Mize hakufungua kitabu. Aliona haya kusoma mambo ya dunia wakati mwenzake kafiwa. Akatia udhu, akakaa juu ya mkeka, akamsomea Yasini bibi wa watu.

Nyumbani kwa Bi Mwanapili wanawake walijaa mpaka uani. Mama mdogo wa Mize, Bi Mwanawema, ndiye aliyesimamia kuosha. Kazi ya kumuosha mama ni ya binti yake, akiwapo, na kila mwanamke pale alilijua hilo. Kabla sanda haijafungwa, Bi Mwanawema akawaita wasichana wa dahalia. "Njooni nyie. N'do wanawe hawa waliokuwapo. Mtazameni kwa niaba ya Mize." Wakaingia mmoja mmoja. Baada ya Adhuhuri wanaume wakaondoka na jeneza.

Jioni waliporudi, Mize alikuwa keshamchotea Ummkulthum maji ya kuoga na kumtandikia kitanda. Alimshangaa kurudi siku ile ile, asibaki kwenye matanga. Ummkulthum akasema mtihani, Mize akatikisa kichwa: mtihani huu utatuua. Kisha akamgeukia Laila.

"Mama mmemwona?"

"Tumemwona."

"Hajambo?"

Laila aliikunja ile kanga nyeusi. "Kalala," alisema. "Kalala vizuri."

"Alhamdulillahi."

Sinia la wali likaja. Ummkulthum alijilazimisha, lakini Laila hakugusa, machozi yanamdondoka tu. Mize akamtania ili acheke. "We Laila! Kafiwa Ummkulthum au umefiwa wewe? Kula bwana, usiwapite wenye msiba." Wote chumbani wakainama juu ya sinia.

Zile siku zilizofuata Mize alikuwa mtu pekee mwenye furaha katika dahalia ile. Kila anakopita watu wanapunguza sauti, wapishi wanamwongezea mchuzi, msichana aliyekuwa hamsemeshi tangu mwaka jana akamletea embe. Simu ya Mize matroni alisema imeingia maji. Mize aliyaona hayo yote, akadhani watu wamekuwa wema kwa sababu wanakaribia kuachana. Alifanya mitihani yake vizuri mno. Alisema mwenyewe kwamba tangu ajue mama kalala vizuri, kichwa chake kimefunguka.

Ijumaa alipotoka kwenye chumba cha mtihani, alimkuta Bi Mwanakhamis anamngoja kwenye ngazi, kajitanda kanga, na gari liko nyuma yake, Laila kashakaa ndani.

"Tunakupeleka kwenu," matroni alisema.

Mize aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kwetu matroni hamsindikizi mtu nyumbani bure. Akaketi hapo hapo kwenye ngazi. "Lini?" aliuliza. Hakuuliza nani. Hawakumjibu mpaka gari likaanza kwenda, ndipo Bi Mwanakhamis akasema Jumanne. Mize alirudia neno lile, Jumanne, Jumanne, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Kisha akakipata, akamgeukia Laila, na Laila akajifunika uso.

Walifika hitima imekwisha kusomwa. Matanga yameanuliwa. Wanawake wa mwisho walikuwa wanakunja mikeka na kusugua masufuria. Bi Mwanawema akamkumbatia, akalia naye, na katika kulia akasema yale ambayo angeyameza kama angekuwa na akili zake. "Kakuulizia mpaka mwisho, mwanangu. Kila mlango ukilia anasema huyo Mize, maana kakake kamwambia uko njiani. Nilipomwona mwenzio anaingia kajitanda kanga yako, moyo ulinipasuka, nikasema ntoto kafika, atamuosha mamake."

Mjomba Jecha akaingia, kanzu nyeupe, uso umetulia. "Pole, mwanangu. Amri ya Mungu. Mtihani umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Alhamdulillahi. Ndilo alilolitaka marehemu."

"Alilitaka?" Mize sauti ilimpanda mpaka wanawake wakaacha masufuria. "Yeye alisema nisimkalie mbali! Aliniambia mimi, kwa mdomo wake, hapa hapa! Wewe ukaniambia utanipa habari. Nikakuuliza, ukasema mimi muongo? Ndiyo, Mjomba. Wewe muongo. Umemdanganya dada yako naye anakufa, umenidanganya mimi nami ni mzima. Wageni wamemzika mama yangu, mimi niko dahalia nakula wali wa sinia!"

"Hasira za msiba hizo," Mjomba Jecha aliwaambia wanawake, akatoka. Hakuomba radhi siku ile wala hajaomba mpaka leo. Matokeo yalipotoka, na Mize kawa miongoni mwa waliofaulu sana, mjomba ndiye aliyepita msikitini kueleza jinsi alivyomhifadhi yule mtoto, na watu wakamwambia ahsante.

Laila alikuwa kaketi chini karibu na mlango. Mize akaenda akakaa mbele yake. Machozi yalikuwa yamekauka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, si ya mgomvi.

"Laila. Mama mdogo anasema aliwaingiza mkamtazame kwa niaba yangu."

"Ndiyo."

"Basi niambie. Mdomo ulikuwa umerudi sawa? Ulikuwa umepinda nilipomwacha. Uso ulikuwaje? Wewe ndiye jicho langu, sina jingine. Niambie kila kitu, taratibu."

Laila akajifunika uso tena kwa kanga.

"Nisamehe, Mize," alisema. "Niliogopa. Nilisimama pale nikafumba macho mpaka wakanitoa."

Mize akamtazama. Alinyanyuka, akaenda mpaka uchochoroni, akamwambia dereva asiondoke kwanza, kuna mgeni pale mlangoni wa kurudi naye dahalia.