Babu Kinyumenyume, Msokota Kamba Anayekimbiwa na Mtaa

Saa tatu asubuhi, mzee mmoja anarudi kinyumenyume katika kichochoro chembamba. Macho ameyakaza mbele, vidole vinachezacheza tumboni. Mama mmoja anayekuja na ndoo ya maji kichwani anamwona, anasimama, kisha anageuza njia, ingawa kuzunguka kutamchukua robo saa.

Mtaani wanamwita Babu Kinyumenyume. Ukimpita kisogoni, eti, utapotea njia ya kwenu. Wapo wanaoapa kwamba wamemwona akichomoa utumbo wake mwenyewe, mweupe, mrefu kuliko kichochoro.

Ukweli hauna makuu. Ni msokota kamba. Fungu la katani amelizungushia kiunoni, na ncha ya nyuzi imenaswa kwenye ndoano inayozungushwa na mota ya cherehani kuukuu. Anazilisha nyuzi huku akirudi nyuma, hatua sitini. Kwa mbali uzi hauonekani. Anaonekana mzee na tumbo lake.

"Uzi ukiupa mgongo unakatika," anasema bila kuacha kazi. "Nimewaeleza mpaka nimechoka. Sasa mtu ameamua kuniogopa, nimfanyeje?"

Zamani ndoano ilizungushwa na mkewe, kwa mkono. Miaka kumi na tisa walifanya kazi wakitazamana, mke akimtania kwamba hajaona mume anayeaga kwa muda mrefu hivyo. Watu walipita, wakasalimia, wakaendelea na yao.

Mke alifariki miaka sita iliyopita. Mzee alirudi kichochoroni baada ya mwezi, peke yake, na hapo ndipo wapangaji wapya walipoanza kunong'ona: anamvuta mkewe arudi.

Anacheka kidogo, kisha anaacha. "Kamba hiyo ingekuwepo, ningekuwa nimeshaisokota."

Mwenye duka la jirani alikuwa akichukua kamba kumi na mbili kwa wiki. Siku hizi anachukua tatu, na haambii mtu zimetoka wapi.

"Mimi siyaamini hayo," anasema. "Ila akipita nafunga mlango. Wateja wanaona, ndugu yangu."

Hilo la biashara mzee amelizoea. Linalomla moyo ni la binti yake wa pekee. Mchumba wa kwanza aliingia mitini baada ya wazee wake kuulizia habari mtaani. Alipokuja wa pili, binti alisema hana baba. Mjomba wake akamwoza, na baba akabaki nyumbani siku hiyo, akisokota.

"Kwa wakwe zake mimi ni marehemu," anasema. "Wananiombea, nasikia. Ni watu wazuri."

Binti hupiga simu akiwa bafuni, amefungulia maji ili asisikike. Mwezi uliopita alinong'ona kwamba amejifungua mtoto wa kike, na wamempa jina la bibi yake, yule aliyekuwa akizungusha ndoano. Akataja pia, kwa kupitia tu, kwamba mama mkwe anatafuta kamba imara ya kuanikia nepi.

Kamba hiyo ndiyo anayoisokota leo, mita ishirini. Jumamosi ataipeleka mwenyewe.

"Nitasema mimi ni muuza kamba. Nitaomba maji ya kunywa, nikae kidogo. Labda mtoto atakuwa nje, anaota jua."

Na binti akifungua mlango yeye?

Mzee anarudi nyuma hatua mbili, tatu, vidole vikilisha nyuzi.

"Nitamsalimu kama mteja. Halafu nitauliza mtoto anaitwa nani, kama vile sijui. Nataka tu nisikie mtu akilitaja jina hilo."