Picha ya Kichupa Chekundu

Kuna aibu ambayo ukiikumbuka ukiwa unaosha vyombo unajikuta umesimama tu na sufuria mkononi, na yangu niliipatia kanisani Ihumwa, mbele ya watu wote, nikiwa nimependeza.

Mimi ni mwanafunzi wa maabara hapa Dodoma. Tunatengeneza seli za bandia, yaani vipovu vidogo mno vya mafuta ambavyo ndani yake tunaweka protini ya kubeba oksijeni, ili siku moja vifanye kazi ya seli nyekundu za damu (siku moja, naomba mlishike hilo, maana kwa sasa vinadumu saa chache vinapasuka). Jumatatu nikamtumia mama picha ya kichupa chetu, chekundu kweli, akauliza, "Hiyo ni damu, mwanangu?" nami nilikuwa nimechoka, nina njaa, nikaona kueleza vipovu ni kazi, nikaandika: Ndiyo mama, tunatengeneza damu.

Basi mama yangu hakai na neno. Picha ikaingia kundi la ukoo, la kwaya, la akina mama, na Jumapili akasimama kutoa shukrani kwamba binti yake anatengeneza damu mpya, vigelegele, mchungaji akaniita mbele, na badala ya kusema ukweli nikapunga mkono (nikapunga mkono jamani, kama mgombea!).

Ndipo akainuka baba mkubwa Ndahani, kaka wa marehemu baba, aliyetoka Chemba na mjukuu wake Yunisi, mtoto wa miaka saba mwenye selimundu, ule ugonjwa wa seli za damu. Akamleta hadi mbele yangu, akamkunjia mkono wa sweta.

"Mwanangu, kliniki yake ilikuwa Alhamisi. Tukasema tusiende, tukusubiri wewe."

Nikasema ukweli kwenye kipaza sauti, nalia, na mpiga kinanda ambaye hakuelewa kitu akaendelea kupiga taratibu. Baba mkubwa hakunigombeza. Aliushusha mkono wa sweta hadi kwenye vidole, akamwambia mtoto, "Mshukuru shangazi." Akanishukuru. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake, kabla hatujampeleka kliniki, maumivu yakamshika, akalazwa. Daktari alisema huenda yangemjia hata hivyo, lakini mimi sikumwamini.

Siku hizi nikiulizwa natengeneza nini nasema vipovu, basi, na anayecheka acheke. Damu sitaitamka tena.

Nilikwenda wodini na machungwa. Yunisi aliponiona, akajikunja mwenyewe mkono wa sweta, akaninyooshea.