Maua ya Zabron

Hapa Isansa watu tuna akili zetu: ua la porini tunaliacha porini. Jirani yangu Enesi, Mama Lusubilo, yeye alikuwa na maua hayo tele uani, mahali ambapo mwenzake angepanda mchicha. Tulimcheka waziwazi.

Yalikuwa maua ya chikanda, ya njano, yenye viazi vidogo chini. Wachimbaji huvipeleka viazi hivyo Tunduma kuwauzia Wazambia, wanaovipenda sana kwa chakula. Zabron, mumewe Enesi, alipoona maua yanakwisha kilimani kwetu, akaanza kuyahamisha. Alichimba bonge zima la udongo na nyasi zake, akalileta nyumbani kwa beseni, maana kwenye udongo mgeni maua hayo huoza. Alipofariki, Enesi akawa anakaa pale jioni akiyasemesha, wala haoni haya.

Mwaka juzi, mvua zikiwa zimekolea, mwanawe Lusubilo akaoa. Mkewe, Tusekile, ni mzaliwa wa Tunduma, binti mchangamfu asiyejua kukaa bila kazi. Jumapili ya kwanza, mkwewe akiwa kanisani, akaona chikanda kimestawi uani. Kwao hakuna anayekipanda. Huota chenyewe, na mwenye jembe huchimba. Akachimba chote. Akaviponda viazi, akachanganya na unga wa karanga, magadi na pilipili, akapika mpaka kikaganda, akakata vipande vizuri.

Enesi aliporudi alipitia bustanini kwanza. Nilikuwa naanika nguo, nikamwona amesimama penye mashimo matupu, mkono kifuani. Niliingiwa na hofu, nikamfuata hadi ndani.

Tusekile alipiga magoti akamnawisha mikono. "Karibu, mama. Nimekupikia chakula cha kwetu."

Enesi alikula kipande. Machozi yakamtoka.

"Pilipili imezidi, mama?"

"Hapana, mwanangu. Ni kitamu. Ila vile viazi alivipanda baba yenu."

Binti alikitazama chakula, kisha mikono yake. Akainuka, akaenda nyuma ya jiko kuokota viazi alivyokuwa amevitupa, vile vidogo visivyofaa hata kumenywa. Akachukua beseni, akashika njia ya kilimani kufuata udongo. Enesi akafunga kanga kiunoni, akamfuata kumwonyesha mahali Zabron alipokuwa akichimba. Mimi niliyezoea kucheka nilibaki nalia, sahani ya watu mkononi.

Mwaka jana yalitoka majani tu. Mwaka huu limechanua ua moja.

Wiki iliyopita wachimbaji wawili walipita na majembe, wakaliona, wakabisha hodi. Enesi alikuwa shambani. Nilichungulia nikamwona Tusekile amesimama mbele ya bustani, mtoto mgongoni.

"Hiki hakichimbwi wala hakiuzwi," aliwaambia. "Ni cha baba."

Wakaondoka, naye akainama kung'oa magugu karibu na ua la baba ambaye hakuwahi kumwona.